Ililala Basi Liliposimama

Begi lilikuwa la moto. Si lile vuguvugu la kitu kilichokaa mapajani saa nne. Moto hasa, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nililitua kwenye benchi la stendi ya Dodoma, nikafungua zipu, nikaitoa kompyuta mpakato niliyoifunga mwenyewe asubuhi Morogoro ikiwa na betri asilimia 97. Nikainua mfuniko: kioo cheusi. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikaja picha ndogo ya betri tupu, ikapepesa mara tatu, ikapotea. Humo ndani mlikuwa na kurasa kumi na moja za tafsiri ambazo sikuzihifadhi, maana nilipofunga mfuniko niliona nimeshafunga na kazi.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nimeacha ualimu wa sekondari mwaka mmoja nyuma, nikaanza kula kwa jasho la kutafsiri. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa Kariakoo, mashine nzito ya ofisi za Ulaya, kibodi yake ina herufi za Kijerumani ambazo hadi leo vidole vyangu vinazikwepa. Nikaiwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Kwa mtu wa lugha, jina tu lilitosha kunivuta: ubuntu kwa Wazulu na Waxhosa ndio utu wetu huu huu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na zamani wenyewe walikuwa wakituma CD bure kwa posta. Moja iliwahi kufika kwenye sanduku la shule yetu, na mkuu wa shule akaifungia kabatini kama mali ya serikali.

Fundi niliyempelekea hakuigusa. Alisikia neno Linux, akacheka. "Hizo ndivyo zilivyo, mwalimu. Hazijui kulala. Lakini na betri nayo imechoka, tuibadilishe." Nikatoa shilingi 85,000. Wiki mbili baadaye nikasafiri tena kwenda Dodoma, na begi likapata moto vilevile. Tofauti ni kwamba safari hii lilipashwa na betri mpya.

Betri mpya, hata hivyo, ilinifaa kwa namna ambayo fundi hakuikusudia. Kompyuta ilifika ikiwa hai, imebakiwa na asilimia 9. Ilikuwa na la kusema, kama ningejua kuuliza.

Hapo ndipo nilipobaini kwamba sikuwahi kujiuliza kompyuta inalalaje. Nilidhani kulala ni kuacha kufanya kazi, kama mtu anavyoweka jembe chini. Kumbe kulala kwenyewe ni kazi. Kanuni zake ziliandikwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, zikaitwa ACPI, na ndani yake usingizi una madaraja. Ule wa kawaida wa kompyuta za wakati huo unaitwa S3: kila kitu kinakatiwa umeme isipokuwa kumbukumbu ya RAM, ambayo hupewa kiasi kidogo tu ili isisahau ulichokuwa unakifanya. Nyumba imezimwa taa zote, na mlinzi peke yake yuko macho getini. Mlinzi huyo ana orodha ya watu wanaoruhusiwa kugonga usiku na kumwamsha mwenye nyumba. Mfuniko umo, kitufe cha kuwashia kimo. Sikujua kama kuna wengine.

Jioni ile, nyumba ya wageni, nikafungua dirisha jeusi la amri na kuandika `journalctl -b | grep "PM: suspend"`. Mfumo huandika kila tukio: kuingia usingizini ni `suspend entry`, kutoka ni `suspend exit`. Nilitegemea kuona mistari miwili au, kwa hofu, hakuna hata mmoja. Mistari ikaanza kumiminika. Ikapita kioo kizima, ikapita cha pili, ikaendelea. Tangu tulipotoka Msamvu, stendi ya Morogoro, kompyuta yangu ilikuwa imelala na kuamka zaidi ya mara 200. Ikiamka, hukaa macho kama nusu dakika, inaona mfuniko umefungwa, inarudi kulala. Haijamaliza hata dakika, inaamka tena.

Kwa hiyo fundi alikosea. Mashine ilijua kulala. Tatizo ni kwamba kuna mtu hakuiacha.

Nikaendelea kupekua mistari kwa kidole kwenye kioo, na katikati nikakuta pengo. Kuanzia 10:31 hadi 10:52, kimya. Dakika 21 za usingizi mnono bila kugutuka hata mara moja. Nikajiuliza: saa nne na nusu asubuhi nilikuwa wapi? Nilikuwa Gairo, nimeshika muhindi wa kuchoma, nasubiri abiria wamalize kuchimba dawa. Kompyuta ililala pale tu basi liliposimama.

Nilimwaga begi kitandani. Daftari, chaja, kanga, kamusi nene, na mausi isiyo na waya, ambayo sikuwa nimeizima. Kipokezi chake, kile kidude cha ukubwa wa ukucha, kilikuwa bado kimechomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kamusi ilikuwa imeilalia mausi juu ya vitufe. Kila basi likiruka, maneno elfu kadhaa ya Kiswahili yalikuwa yanabofya.

Orodha ya mlinzi, kumbe, inasomeka. Iko kwenye faili linaloitwa `/proc/acpi/wakeup`, na mtu yeyote anaweza kuifungua:

`XHC   S3   *enabled`

XHC ni mlango wa vifaa vyote vya USB. Baadaye nikaelewa kwa nini umeachwa wazi. Linux kwa kawaida huruhusu kibodi ya USB iamshe kompyuta, jambo la busara kabisa kwa kompyuta ya mezani, na vipokezi vingi vya aina ile hujitambulisha kama mausi na kibodi kwa pamoja, hata kama hujanunua kibodi. Mlinzi aliambiwa huyu ni mtu wa nyumbani, akamfungulia. Nikaandika `echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup`, nikaangalia tena: `*disabled`. Kwa furaha nikairudia amri ili nihakikishe imeingia. Nikaangalia mara ya tatu: `*enabled`. Amri ile ni kama swichi ya taa. Ukibonyeza mara mbili umerudi ulipotoka. Na hata ukiiacha vizuri, ukizima na kuwasha kompyuta inasahau, hadi uiweke kwenye mambo yanayotekelezwa mfumo unapoanza. Nikaiweka huko. Mausi nayo nikajifunza kuizima, jambo ambalo lingetosha tangu mwanzo na lisingenigharimu shilingi 85,000.

Ningependa kusema tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutafuta ushahidi kabla ya dawa. La hasha. Mwaka uliofuata nilifanya makosa yale yale kwa ufundi zaidi.

Nilipandisha toleo la Ubuntu. Kompyuta ilipowaka upya, kioo kikabaki cheusi kabla hata ya kufika pa kuandika nywila. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi kesho yake. Nikapekua kwenye simu, nikakuta ushauri ambao kila mtu humpa kila mtu: ongeza neno `nomodeset` kwenye mstari wa kuanzishia mfumo. Nikaongeza, kioo kikarudi, nikakabidhi kazi. Neno lile nikalisahau mlemle, kama mtu anavyosahau pamba sikioni.

Kuanzia wiki hiyo kompyuta ikawa inalala vizuri na haiamki. Ukifungua mfuniko taa inawaka, feni inazunguka, kioo kimezama gizani. Nikahitimisha kuwa toleo jipya limeharibu. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa siku moja, nikamlaumu yule mwenye jina kubwa. Kisha nikaanza kumwaga dawa. Kila nilichosoma nilikibandika kwenye ule mstari: `acpi_osi=` hiki, `acpi_osi=` kile, na vingine ambavyo hadi leo siwezi kueleza vinafanya nini. Mstari ukawa mrefu kuliko anwani ya mtu anayeishi uswahilini. Hakuna kilichosaidia, na kwa kuwa sikuwa nikiondoa cha zamani kabla ya kuweka kipya, hata kama kimoja kingesaidia nisingekijua.

Nilipofikia kukata tamaa nikaamua kutumia chombo cha wakubwa. Kompyuta ikifa katikati ya kuamka haiwezi kuandika ushahidi diskini, maana diski yenyewe bado imelala. Mwaka 2006 Linus Torvalds, yule yule aliyeianzisha Linux mwaka 1991, aliandika ujanja wa kuuzunguka mkosi huo, unaitwa `pm_trace`. Katika kila hatua ya kulala na kuamka, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaacha alama kwenye kitu kimoja ambacho hakizimiki: ile saa ndogo yenye betri yake. Alama inafichwa ndani ya tarehe. Mashine ikikwama, unaiwasha upya haraka, kerneli inasoma tarehe ile ya ajabu na kukutajia draiva iliyokuwa zamu wakati wa msiba. Nilipoelewa nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Mpaka leo sijaona matumizi mazuri zaidi ya saa.

Gharama yake ni hiyo saa. Tarehe iliyobebeshwa ujumbe haiwezi kuwa tarehe tena, na maelezo yanakuonya waziwazi kwamba uirekebishe baadaye. Niliyasoma nikayaruka.

`pm_trace` haikunipa jibu lolote la maana, na sababu nitaieleza. Usiku huo sikuwa na bando, kwa hiyo kompyuta haikuweza kuuliza intaneti leo ni lini. Nikaandika ankara ya mteja, programu ikajaza tarehe yenyewe kama ilivyozoea, nikaihamishia kwenye simu kwa waya na kuituma bila kuisoma mara ya pili. Asubuhi mhasibu akanijibu kwa upole wote: "Mwalimu, ankara tumeipokea. Malipo yatafanyika tarehe husika ikifika." Nikaifungua. Ilikuwa na tarehe ya Februari 2031.

Aliyenitoa shimoni ni kijana niliyemfundisha Kiswahili kidato cha pili, wakati huo akiwa chuo mwaka wa tatu. Alipita kunisalimia. Shikamoo mwalimu, marahaba, chai, habari za nyumbani, kisha nikaanza kumlalamikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo darasani hakuwahi kulifanya. Akaomba niilaze kompyuta na kuiamsha. Kioo giza, feni inavuma. Hakuuliza chochote. Alinyoosha kidole kimoja akabonyeza Caps Lock.

Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Tena, ikawaka.

"Mwalimu, hii haijafa," akasema. "Imefumba macho tu."

Nilikaa kimya kidogo. Kwa miezi miwili nilikuwa nafanya uchunguzi wa maiti kwa mgonjwa aliye hai. `pm_trace` ni ya mashine iliyokwama, kerneli imeganda. Yangu ilikuwa imeamka barabara, inasikia kibodi, inajibu, ila haiwezi kuonyesha. Taa ile ingeniambia hivyo siku ya kwanza, bure, kwa sekunde mbili.

Akaiwasha upya kwa kushikilia Alt na kitufe cha SysRq huku akibonyeza S, U, B moja baada ya nyingine, polepole: hifadhi yaliyomo, funga diski, anza upya. Nilikuwa nimezoea kukandamiza kitufe cha kuwashia mpaka izimike, na kila mara nilipofanya hivyo diski ilikuwa inakula kichapo. Tukaweka programu ya ssh, tukaunganisha simu yake na kompyuta yangu kwenye mtandao mmoja, tukailaza, tukaiamsha. Kioo giza. Lakini kwenye simu yake, kwa maandishi madogo ya kutoboa macho, tulikuwa ndani ya kompyuta yangu, kila kitu kimo, mstari wa mwisho wa kumbukumbu za mfumo ukisema `PM: suspend exit`. Ni kama kumpigia simu mtu aliyejifungia chumbani na yeye akapokea.

Akaandika `cat /proc/cmdline`. Ule mstari wangu mrefu ukajitokeza, ukavunjika mara nne kwenye kioo cha simu. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno, nami nikawa natamani ardhi ipasuke. Alipofika `nomodeset` akanitazama.

"Hii uliiweka lini?"

Sikukumbuka. Kweli kabisa sikukumbuka. Ilibidi nitafute barua pepe ya ile kazi niliyoikabidhi kwa haraka ndipo niipate siku. Neno lile linaiambia kerneli isiiachie draiva ya kioo iendeshe kioo chenyewe. Itumie njia ya zamani, ya jumla. Inatosha kuona picha. Lakini kompyuta inapoamka, kioo lazima kiwashwe na kupangwa upya kuanzia mwanzo, na anayejua kufanya hivyo ni ile draiva niliyoifungia nje. Kompyuta yangu haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na dawa yangu.

Tukafuta kila nilichoongeza kwenye `/etc/default/grub`, tukabakiza yale maneno mawili yaliyokuja nayo, tukaandika `sudo update-grub`, tukawasha upya. Nilijiandaa kwa giza lile la siku ya kwanza, la baada ya kupandisha toleo. Halikuja: kati ya siku ile na hii kulikuwa kumeshuka masasisho ya kerneli, na kasoro ya awali ilikuwa imeshaondoka kimyakimya bila mimi kujua. Nikailaza. Nikainua mfuniko. Ikaamka na kunionyesha ankara ya 2031.

Kijana aliondoka na kamusi yangu ya ziada. Mimi nilikwenda dukani nikanunua daftari la kurasa 96, aina ile ile niliyokuwa nikiwalazimisha wanafunzi wawe nayo. Ukurasa wa kwanza una mistari minne: tarehe, nilichobadilisha, kwa nini, na namna ya kukirudisha. Sheria niliyojiwekea ni kwamba hakuna badiliko la pili kabla ya kuona matokeo ya lile la kwanza. Naivunja mara nyingi. Lakini nikiivunja nayo naiandika.

Ile mashine ya Kijerumani nilimpa mdogo wangu mwaka 2023, nikanunua mpya. Nilipofika nayo nyumbani, kabla ya kitu kingine, nikaandika `cat /sys/power/mem_sleep`. Nilitarajia kuona `deep`, jina la Linux la ule usingizi wa S3. Likatokea neno moja tu: `[s2idle]`. Kompyuta nyingi za siku hizi zimeuacha usingizi wa mlinzi. Badala yake wenye nyumba hujilaza sebuleni na viatu miguuni, ili wakiitwa wasimame mara moja kama simu. Kila kifaa kikijilaza vizuri, umeme unaotumika ni kidogo sana. Kimoja kikigeuka geuka, betri inaisha usiku bila begi hata kupata joto la kukushtua. Ilishatokea hata kwa ThinkPad X1 Carbon ya 2018: ilitoka bila S3, wenye Linux wakapiga kelele, na Lenovo wakatoa sasisho la BIOS lenye chaguo la usingizi lililoandikwa "Linux". Yangu haina chaguo la namna hiyo. Nilizunguka BIOS nzima kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta, nikaacha.

Kwa hiyo nikapima. Siku saba mfululizo nililaza kompyuta saa tatu usiku, nikaandika asilimia, nikaiamsha saa kumi na mbili asubuhi, nikaandika tena. Siku tatu za kwanza ilipoteza kama asilimia 20 kila usiku. Ya nne nikachomoa kipokezi cha mausi: 6. Ya tano nikakirudisha: 19. Ya sita nikakikataza kuamsha, safari hii kikiwa peke yake, kwenye faili lake mwenyewe la `power/wakeup`, bila kufunga mlango wote wa USB: 7. Ya saba: 7. Mausi ile ile, jamani. Miaka mitano na kompyuta mbili.

Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nikaacha mabasi. Safari ya kwanza nilikaa dirishani, kompyuta kwenye begi, kamusi juu ya mausi kama kawaida, mausi nimeiacha ikiwaka kwa makusudi. Tulipofika nikaigusa: baridi. Nikafungua kumbukumbu za mfumo palepale kituoni. `suspend entry` moja, `suspend exit` moja, katikati hakuna kitu. Nikatoa daftari niandike kwamba tiba imefanya kazi hata safarini, kalamu ikaishia hewani. Treni ile haitikisi. Hakuna tuta, hakuna Gairo, kamusi haikuwa na sababu ya kubofya chochote.

Nikaandika tarehe na asilimia, nikaacha nafasi ya jibu wazi. Jumatatu nina kazi Dodoma, na tiketi niliyokata ni ya basi.